Mnaosema mafundi wote ni wezi, someni maisha ya baba yangu mdogo, fundi wa Makambako

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Haipiti wiki humu bila uzi wa fundi aliyekula hela. Mara kaingia mitini na hela ya nondo, mara saruji imehama usiku, mara boma limefika kwenye madirisha na simu haipatikani tena. Sibishi, yapo. Ila mimi nimelelewa kwenye nyumba ya fundi, na nilichokiona huko kinanifanya niamini kwamba wengi mnaowaita wezi wameharibiwa na namna tunavyowalipa. Tabia inakuja baadaye. Nitaeleza kwa kumtumia baba yangu mdogo, maana maisha yake nayajua ndani nje. Jina simtaji. Wa Makambako mtamtambua, naomba mkae nalo moyoni.

Kwa wanaoijua Makambako kwa kupita na basi tu: ni pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na ile ya Dar kwenda Tunduma. Kuna stesheni ya TAZARA, kuna baridi, na kuna upepo. Ule upepo muuweke akilini, kwenye ujenzi una maneno yake.

Mzee alianza kazi enzi bado tuko mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, akaenda kuwa saidia fundi. Kubeba tofali, kuchota maji, kukoroga. Fundi wake alikuwa mkali, hakumruhusu kushika mwiko mpaka amalize msimu mzima, na alipomruhusu akampa kuta za ndani tu, zile ambazo plasta itakuja kuzificha. Ukuta wa mbele unaoonekana na barabara ulikuwa wa fundi mwenyewe. Baba mdogo naye anawafanyia vijana wake hivyo hivyo hadi leo, na wanamnung'unikia kama yeye alivyonung'unika.

Kuna kitu kimoja nataka mkione. Siku ya kuseti msingi huwa hazungumzi na mtu. Anapigilia kigingi cha kona, anafunga kamba mbili. Kwenye kamba moja anapima mita 3 anatia alama, kwenye nyingine mita 4 anatia alama, halafu anavuta futi ya kupimia kutoka alama hii hadi ile. Ikisoma mita 5 kamili, kona imekaa. Ikizidi hata sentimita mbili, kamba inasogezwa na anaanza upya, hata kama bosi amesimama pale na gari linanguruma. Jengo likiwa kubwa anatumia 6, 8 na 10, kwa sababu kosa dogo linajionyesha mapema zaidi kwenye kamba ndefu. Akishamaliza kona zote nne anapima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili, lazima zilingane. Hapo ndipo anaomba chai.

Tofali kwetu ni za kuchoma. Analetewa lori, anachukua mbili anazigonganisha. Iliyoiva inalia kama kengele, ambayo haikuiva inatoa mlio wa bubu. Zile za pembeni ya tanuri ambazo moto haukuzifikia vizuri hazitupi, anazitenga kwa ajili ya kuta za ndani zisizobeba mzigo. Na hajengi na tofali kavu. Analowesha kwanza, kwa sababu tofali kavu linakunywa maji ya udongo wa saruji kabla haujashika, na ukuta unabaki umepangwa tu, haujashikana. Nimeona mafundi wengi wakiruka hatua hii kwa sababu maji ni ya kununua kwa ndoo na bosi hajayapigia hesabu.

Sasa tuje kwenye hela, ndiyo sababu ya uzi.

Kazi za mtaani zinalipwa kwa hatua. Msingi, kuinua boma hadi linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, plasta, sakafu. Mnakubaliana hela ya ufundi, bosi anatoa advansi, kazi inaanza. Kwenye maneno inapendeza. Tatizo ni kwamba saidia fundi analipwa kila jioni, wakati fundi analipwa hatua ikiisha. Fundi wa vibarua wanne anatoa hela kila siku jua likizama, kwa siku zote ambazo yeye mwenyewe hajapata kitu. Advansi ndiyo inayofanya kazi hiyo, na mara nyingi nusu yake imeshaondoka siku ile ile kulipa deni la duka.

Kisha bosi anakwama. "Fundi subiri mshahara." "Fundi subiri tuuze parachichi." Vifaa vimeisha, kazi imesimama, vibarua wako mlangoni. Fundi anafanya nini? Anapokea advansi ya kazi ya pili ili awalipe wa kazi ya kwanza. Bosi wa pili anataka kuona watu saiti, kwa hiyo anahamisha vijana wawili. Bosi wa kwanza anapata mshahara wake, anarudi, haoni mtu. Anapiga simu kwa ukali. Sasa fundi ana saiti mbili na hela ya saiti moja. Ikifika ya tatu anaanza kuzima simu, na hapo kama hela ya mabati iko mkononi mwake, itakwenda. Wewe unaona mwizi. Mimi naona mtu aliyeanza kuzama siku uliyomwambia subiri.

Mzee alijikwamua kwa masharti ambayo yamemkosesha wateja wengi. Hashiki hela ya vifaa kabisa. Bosi analipa duka la vifaa mwenyewe, fundi anapokea mzigo na kusaini risiti. Advansi anayotaka ni ya kuwalipa vibarua wiki ya kwanza na kutengeneza vibanio vya mbao vya kusetia msingi, basi. Akianza nyumba, hapokei nyingine mpaka hii ifike linta. Vyote vinaandikwa kwenye kaunta buku: mifuko iliyoingia, iliyotumika, nani kalipwa. Kuna mabosi waliona anajidai, wakaenda kwa wa bei rahisi. Wengine wamerudi wakiwa na boma lililopinda.

Jumamosi anawalipa vijana kwanza malimbikizo yao, ndipo anarudi nyumbani na kilichobaki. Anakiweka mezani chote. Benki ni mama mdogo. Yeye ndiye anayejua mbolea ni kiasi gani, nani kaandikiwa barua shuleni, na kama kuna cha kununua mfuko wa saruji wa nyumba yao wenyewe. Maana nyumba yao imejengwa chumba kwa chumba, na chumba cha watoto wa kiume kilikaa bila sakafu miaka mingi huku baba yao anamwaga sakafu za watu. Mama mdogo ndiye aliyeamua hivyo, kwamba ada kwanza. Mzee huwa anasema nyumba hii mkandarasi ni mkewe.

Mtoto wa kwanza alisoma sekondari kabla ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016. Ada yake ilitoka kwenye vyoo. Kweli kabisa, mashimo ya vyoo na vibanda vya kuku, kazi ambazo mafundi wenye jina hawazitaki. Wadogo zake walikuta ada imefutwa hadi kidato cha nne, na wa mwisho akabahatika zaidi, maana mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo viliingizwa. Wa pili anasomea uuguzi, huyu wa mwisho amemaliza na anahangaikia mkopo wa chuo.

Mwaka wa fundi wa kwetu una nusu mbili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kujenga. Mvua zikianza, tofali hazikauki, barabara za mitaani zinakuwa tope, lori halifiki saiti. Desemba hadi Aprili ni shamba, mahindi na njegere. Ndiyo pia miezi ya ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, na mafundi wengi hela yao ya msimu inaishia kwenye mianzi. Mzee anakunywa, sitamfanya malaika. Ila anakunywa Jumapili, na Jumatatu saa moja yuko kazini au shambani.

Mwaka 2021 ndipo nilipoona hoja yangu ikithibitika. Sehemu ya zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na kazi zikatolewa kwa mafundi wa hapo hapo kwa utaratibu wa fosi akaunti. Baba mdogo na wenzake walipata madarasa mawili. Mkataba wa maandishi, hatua zimeandikwa, vifaa vinanunuliwa na kamati, fundi analipwa ufundi tu. Walikuwemo mafundi ambao mtaani walikuwa wanakwepana na mabosi zao. Pale walimaliza kwa wakati. Watu ni wale wale, upepo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba hela ya vifaa haikupita mikononi mwao na ya ufundi haikuchelewa.

Mwaka mmoja jukwaa la miti lilivunjika akadondoka, mkono ukavunjika kwenye kiwiko. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa wenye mwajiri anayewachangia, na fundi wa mtaani mwajiri wake ni nani? Bosi alikuja na kilo mbili za sukari. Kilichosaidia hospitalini ni CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati ule ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ambayo mama mdogo aliilipia baada ya mavuno bila kumuuliza. Na kazi aliyoacha ilimaliziwa na kijana aliyewahi kuwa saidia wake. Alipolipwa, akaleta nusu ya hela ya ufundi nyumbani, akaiweka mezani pale pale kwa mama mdogo. Huyo kijana mtaani ana sifa ya "kula hela za watu". Nawaachia.

#2 Mchangiaji

Umeandika kwa hisia mkuu lakini mimi fundi kanikimbia na hela ya bati za nyumba ya vyumba vitatu. Hapo nako nilimlipa vibaya?

#3 Mleta uzi

Pole sana mkuu. Huyo ni mwizi, apelekwe polisi. Swali langu moja tu: kwa nini hela ya bati ilikuwa mfukoni kwake? Duka linapokea M-Pesa, na bati zinaletwa saiti kwa gari. Na ungekuwa umekaa miezi mitatu bila kumlipa hatua ya boma ukamletea hela ya bati taslimu, ungekuwa umemwekea mtego.

#4 Mchangiaji, fundi wa Tunduma

Nakazia alichosema mleta uzi. Ongezea mabosi wa WhatsApp. Yuko mbali, anataka picha kila siku, halafu boma likiwa kozi ya nane, yaani mstari wa nane wa tofali, anatuma sauti: "Fundi, mke wangu anasema jiko lisogee huku." Kuvunja nani analipa? Anakwambia ni kitu kidogo. Kuvunja ukuta, kusafisha tofali na kuujenga tena ni siku mbili za watu watatu. Ukimdai anasema fundi una tamaa. Mimi siku hizi ramani ikibadilika naandika kwenye daftari na anajibu "sawa" kwa maandishi ndipo nagonga nyundo.

#5 Mchangiaji, mke wa fundi

Mimi ni mke wa fundi, niko Njombe mjini. Kaka umeongea kweli lakini usiwatetee kupita kiasi. Wapo wanaolipwa vizuri, kwa wakati, na bado nyumbani haifiki. Wangu miaka ya mwanzo alikuwa akilipwa hatua anapotea siku mbili. Hakuna bosi aliyemchelewesha, ni marafiki na ulanzi. Kilichotuokoa ni kwamba bosi mmoja, mama mtu mzima, alikataa kumlipa nisipokuwepo. Aliniita saiti, akahesabu mbele yangu. Mwenzangu alikasirika, akasema kadhalilishwa. Baadaye akawa anawaambia mwenyewe mabosi wampigie mama watoto. Kwa hiyo malipo yana sehemu yake, na mtu naye ana yake. Huyo mama yako mdogo ndiye wa kumwandikia uzi.

#6 Mleta uzi

Dada, hapo umenishika. Sina cha kupinga. Uzi wa mama mdogo utakuja akikubali, maana yeye ni mkali kuliko mzee.

#7 Mchangiaji, mhandisi

Niweke tahadhari. Fundi mzoefu kama huyo kwa nyumba ya kawaida ya chini sina wasiwasi naye, hata hiyo ya 3-4-5 ni sahihi kabisa. Ila watu wakishamwamini wanampa na ghorofa. Nguzo na bimu hazikisiwi kwa uzoefu, zinapigiwa hesabu. Kuna mafundi wanafunga nondo za milimita 12 kila mahali kwa sababu ndizo walizozoea. Tena tunawaona wakimwaga zege mchana, kesho yake wameshaliacha likauke kwenye upepo. Zege linataka maji angalau siku saba. Je, mzee ana cheti chochote?

#8 Mleta uzi

Mhandisi, ghorofa hajengi. Ameshakataa moja na mwenye nayo akamnunia. Cheti anacho, alikipata VETA kupitia ule mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Walimpima kwa kazi yenyewe pamoja na mahojiano. Aliingia akiwa na hofu ya kalamu, akatoka anabishana na mkufunzi kuhusu kulowesha tofali. Kuhusu zege uko sahihi, na kwetu upepo unafanya iwe vibaya zaidi. Hata plasta, ikipigwa mchana wa Agosti bila kumwagiliwa inakatika katika kama tope la bwawa lililokauka. Yeye plasta ya nje anaipiga asubuhi upande ambao jua halijafika, anazunguka nyumba kadiri jua linavyozunguka.

#9 Mchangiaji

Mkuu, niko Makambako, nyumba iko kwenye linta. Nimeogopa jirani yangu paa lake liliinuka lote Julai. Mzee anafanyaje kwenye kupaua?

#10 Mleta uzi

Nimempigia sasa hivi. Anasema kosa linafanyika kabla fundi wa paa hajafika. Wakati wa kumwaga linta unazamisha vipande vya nondo nyembamba, ncha zinabaki zimesimama juu. Ukuta wa juu ya linta unajengwa ukizizunguka, halafu zinakuja kukunjwa juu ya mbao ya ukutani na kuifunga. Ukisahau, fundi wa paa atapigilia misumari kwenye tofali, na upepo utaing'oa kama mswaki kwenye kopo. Kama linta yako imeshakauka bila hizo ncha, toboa tofali kozi tatu chini, pitisha waya mnene, funga kenchi, kisha ziba kwa saruji.

Bati chukua geji 28, ndiyo nene zaidi, geji 30 kwa huku ni kujitafutia kesi. Paa lisitokeze nje sana, upepo unaingilia chini ya ule mdomo. Misumari ya bati iwe mingi kwenye kingo na kwenye kofia kuliko katikati. Mbao ziwe zimekauka. Hizi paini zinazotoka shambani moja kwa moja zinapinda zikishapigiliwa, na misumari inalegea. Anasema ukiweza nunua mbao mapema, zipange kivulini na vijiti katikati, zikae huku unaendelea na boma.

#11 Mchangiaji

Asante mkuu, umeniokoa. Na malipo ya kupaua anagawaje? Nisije nikamtengeneza mwizi.

#12 Mleta uzi

Haha. Vibarua wake unamtolea kila wiki, inakatwa kwenye jumla. Kenchi zikisimama zote unampa sehemu kubwa. Bati zikimaliza kupigwa unampa tena, lakini yeye mwenyewe anakuachia kiasi mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Ikivuja, anapanda kuziba bila kudai. Isipovuja unammalizia.

#13 Mchangiaji, fundi wa Tunduma

Hapo mzee ana roho ngumu. Mimi bosi angeniambia mvua bado mpaka Pasaka. Hajawahi kudhulumiwa?

#14 Mleta uzi

Ameshadhulumiwa. Mmoja alikaa na hela yake misimu miwili, kila akikutana naye sokoni anasema mvua haikuwa kubwa. Mwaka jana huyo huyo akampigia aje amjengee uzio. Mzee alienda, akapima, akataja bei, akapokea advansi, akakata deni lake la paa hapo hapo mbele yake na kuliandika kwenye kaunta buku. Kisha akamwambia advansi ya uzio bado hajapokea.

#15 Mchangiaji, mke wa fundi

Hilo wazo lilikuwa la mama mdogo, sitaki kusikia kingine.

#16 Mleta uzi

Nimemuuliza. Ni lake.